Mpwa wangu anataka kupiga selo katika kikundi cha watu wanne maisha yake yote: je, hiyo ni kazi?

MjombaWaKinondoni

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina mpwa, binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 19, ambaye amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Tangu akiwa darasa la nne amekuwa akipiga selo, ile fidla kubwa inayoegemezwa katikati ya magoti, kwanza kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akiishi Oysterbay na baadaye katika kikundi cha kanisani. Amefanya mitihani ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, hadi ngazi ya nane, na cheti chake kimetundikwa sebuleni kwa dada, juu ya televisheni, mahali ambapo hakuna mgeni anayeweza kukikwepa. Hadi hapo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi umeanza mwezi uliopita, alipotuambia kwamba hataki kusomea uhasibu wala famasia bali muziki, tena si muziki wa kuwa nyota peke yake jukwaani. Anataka kile anachokiita kwarteti: fidla mbili, viola moja (ndugu ya fidla, kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi) na selo moja, bila kiongozi wa kuwapungia kifimbo, mpaka atakapozeeka.

Shemeji yangu ni mtu mpole na hakugomba, lakini aliuliza swali ambalo mimi, niliyejifanya mwombezi wa mtoto, sikuweza kulijibu. Alisema mpigaji wa peke yake anamwelewa, kwa kuwa jina ni lake. Mpigaji wa okestra anamwelewa pia, kwa kuwa ana mshahara. Lakini huyu wa watu wanne analipwa na nani, na akifanikiwa sisi tutajuaje kwamba amefanikiwa? Binti akaanza kutaja majina ya vikundi vya Ulaya na Marekani, na kadiri alivyotaja ndivyo baba yake alivyozidi kunyamaza.

Kikao cha familia kimenipa kazi ya kuleta jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba wenye ujuzi wanieleze watu hawa huishi kwa nini, mafanikio yao hupimwaje, na kama mtoto wa Dar es Salaam ana sababu yoyote ya kuitazama njia hiyo. Sitafuti wa kunifurahisha wala wa kumkatisha tamaa mtoto.

---

MwalimuMstaafu_Upanga

Marahaba, Mjomba. Nimefundisha nota na kwaya kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali kidogo, kwa sababu swali la shemeji yako lina umri wa zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1808, mtu aliyewahi kuwa balozi wa Urusi mjini Vienna, Andreas Razumovsky, tajiri wa kupindukia ambaye mtunzi Beethoven alikuwa amemtungia kwarteti tatu, alimwajiri mpiga fidla Ignaz Schuppanzigh aunde kikundi cha watu wanne cha kudumu katika nyumba yake. Hapo ndipo wengi huhesabu kwamba kazi unayoiulizia ilianza kuwa kazi, yaani watu wanne wanaolipwa ili wasifanye kitu kingine ila kupiga pamoja. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1814 jumba la Razumovsky liliungua moto. Mwaka 1816 kikundi kilivunjwa, na Schuppanzigh akaenda kutafuta maisha Urusi. Aliporudi Vienna, Beethoven alimkabidhi kwarteti yake mpya ya Opus 127 (Opus ni namba ya kazi ya mtunzi) aipige kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1825. Mazoezi hayakutosha, onyesho likaenda vibaya, na mtunzi akampa kazi hiyohiyo mpiga fidla mwingine. Nayaeleza haya ili shemeji yako aone kwamba tangu mwanzo riziki ya kwarteti haikutoka mlangoni pa ukumbi. Ilitoka kwa mfadhili, na mfadhili akiunguliwa na nyumba, wanne wote hulala njaa.

Siku hizi nafasi ya Razumovsky imechukuliwa, kwa sehemu kubwa, na vyuo vikuu. Kikundi cha Emerson, kilichoanzishwa na wanafunzi wa New York mwaka 1976 na kikapata tuzo tisa za Grammy kabla ya kustaafu mwezi Oktoba 2023, kilikuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Stony Brook. Kikundi cha Tokyo, kilichodumu kuanzia 1969 hadi 2013, kilifundisha Yale. Kikundi cha Takács kilianzia Budapest mwaka 1975, kikahamia mji wa Boulder katika jimbo la Colorado, na kiko huko hadi leo. Mpiga piano Menahem Pressler, ambaye tutarudi kwake, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1955, mwaka uleule alioanzisha kikundi chake cha watu watatu, na hakuiacha kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba chuo hulipa mshahara, wao hufundisha vijana na kupiga maonyesho kadhaa chuoni, na muda uliobaki husafiri. Malipo ya maonyesho na albamu huongezea mboga, lakini unga uko chuoni.

Mwingine mashuhuri ni kikundi cha Budapest, ambacho kuanzia 1940 hadi 1962 kilikuwa na makao katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, ambako mama mmoja tajiri alikuwa ametoa ala tano za fundi Stradivari kwa sharti la kupigwa, si kutazamwa ndani ya kabati la kioo. Kikundi hicho kina kituko kimoja ninachokipenda: kilianzishwa mwaka 1917 na watu wa okestra ya opera ya Budapest, lakini mmoja baada ya mwingine waliondoka, hata ikafika siku ambapo wote wanne walikuwa wazaliwa wa dola ya Urusi na hapakuwa na Mhungaria hata mmoja, ila jina halikubadilishwa. Waanzilishi wake walijiwekea kanuni ambazo mpwa wako anapaswa kuzisoma kabla ya kusoma nota. Kila ugomvi, uwe wa muziki au wa fedha, ungeamuliwa kwa kura. Hakuna ambaye angepokea kazi nje ya kikundi. Malipo yangekuwa sawa, bila nyongeza kwa mpiga fidla wa kwanza. Na wake na wachumba hawakuruhusiwa kwenye mazoezi wala vikao. Hiyo ya mwisho isitajwe mbele ya dada yako.

Sasa mafanikio. Katika kazi hii tuzo zipo, na mashindano yapo, kama yale ya Banff nchini Kanada yaliyoanza mwaka 1983, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Lakini ukiwasikiliza wenyewe wakisifiana, kipimo chao kikubwa ni miaka. Kikundi cha Guarneri kilipiga kuanzia 1964 hadi 2009, na katika miaka hiyo 45 kilibadilisha mtu mmoja tu, mpiga selo, aliyempisha mwanafunzi wake mwaka 2001. Valentin Berlinsky alishika selo katika kikundi cha Borodin cha Moscow kuanzia 1945 hadi 2007. Kuna ndoa zisizofika huko.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni kikundi cha Amadeus. Norbert Brainin, Siegmund Nissel na Peter Schidlof walikuwa vijana wa Kiyahudi kutoka Vienna waliokimbilia Uingereza kuwakwepa Wanazi, na vita ilipoanza Waingereza wakawafungia kambini wakiwahesabu raia wa nchi adui. Walifahamiana humohumo kambini. Walipotoka, mwalimu Max Rostal aliwafundisha bila kuwatoza ada, wakampata mpiga selo Mwingereza, Martin Lovett, na Schidlof, aliyekuwa mpiga fidla, akakubali kuhamia kwenye viola ili kikundi kikamilike. Zingatia hapo, Mjomba, kwa sababu mtu anayekubali kuiacha ala yake kwa ajili ya wenzake watatu ni nadra kuliko mtu mwenye vidole vyepesi. Walijitambulisha kwa jina la Amadeus kwenye ukumbi wa Wigmore mjini London tarehe 10 Januari 1948, wakapiga pamoja kwa karibu miaka 40 bila kubadilisha mtu. Schidlof alipofariki mwaka 1987, watatu waliobaki walikataa kutafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Kikundi kilikoma siku hiyo.

---

HesabuKwanza

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma maelezo yako kwa raha, lakini mimi ni mhasibu kwa taaluma, na naona umewataja waliovuka mto bila kuwataja waliozama. Kila mwaka vyuo vya muziki vya Marekani na Ulaya hutoa vijana wanaopiga vizuri sana, na viti vya kikundi chenye makao katika chuo kikuu ni vichache. Tena, kwa kipimo chako mwenyewe cha miaka, kiti kimoja huweza kukaliwa na mtu yuleyule kwa miaka 45. Mjomba anapaswa kulitazama hilo kwa makini, kwa kuwa kadiri kikundi kinavyosifiwa kwa kudumu, ndivyo mlango unavyofunguka mara chache kwa anayesubiri nje.

Tazameni pia mlangoni. Ukumbi wa Wigmore, ambao kila kikundi cha aina hii hutamani kupiga, una viti 552 tu. Ukijaa wote, mapato yake hayawezi kulingana na ya mwanamuziki anayejaza uwanja, na hapo bado hujatoa gharama za ukumbi, za wakala, za hoteli na za ndege, halafu ugawe kwa nne. Mpiga selo ana mzigo wa ziada ambao wenzake hawana: ala yake haiingii kwenye rafu ya juu ya kichwa, na kuipakia pamoja na masanduku ni kuitafutia kaburi, kwa hiyo huikatia tiketi ya kiti kama abiria. Na ala zenyewe si zao. Zile nne zilizowahi kuwa mali ya mpiga fidla Paganini, ambazo kikundi cha Tokyo kilipiga kuanzia 1995, zilikuwa za taasisi ya Kijapani, na kikundi kilipostaafu zilirudi kwa mwenyewe na kukopeshwa wengine. Mtu anafika kilele cha kazi yake akiwa ameshika chombo cha kuazima.

Simshauri binti aache. Ushauri wangu ni asome muziki pamoja na ualimu, kama inavyowezekana katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha, ili kwarteti iwe juu ya msingi unaolipa. Mwalimu mwenyewe amesema unga uko chuoni.

---

SeloNdaniYaBajaji

Mimi ndiye mtu ambaye Mjomba anamtafuta bila kujua, kwa sababu nimewahi kujaribu jambo hilihili hapa hapa Dar es Salaam, na ningependa nieleze jinsi lilivyokwenda.

Tulikuwa wanne. Wawili walitoka kwenye kwaya za Kilutheri, mmoja alisoma kwenye chuo cha muziki cha Zanzibar, na mimi nilifundishwa na mwalimu aliyekuwa akija kwetu Mikocheni. Tulifanya mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni kwenye chumba cha darasa la Jumapili, feni moja, madirisha wazi, na kelele za pikipiki zikishindana na viola. Kazi hazikukosekana, kinyume na watu wanavyodhani. Kulikuwa na hafla za balozi, sherehe za kuagwa bibi harusi, uzinduzi wa bidhaa, na ibada za harusi ambazo bibi harusi alitaka aingie kanisani kwa fidla badala ya matarumbeta. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilitupa kazi ya kila Ijumaa kwa miezi mitatu na ikatulipa baada ya miezi saba, tena kwa mafungu, huku kila fungu likihitaji mmoja wetu akae mapokezi tangu asubuhi. Hata hivyo tungeweza kuendelea.

Kilichotuua ni kuondokewa. Fidla ya pili alipata ufadhili wa masomo na akaondoka mwezi Agosti. Tukampongeza kwa dhati na usiku uleule tukajua kwamba mambo yamekwisha. Tulimpata mwingine, tukaanza upya kwa miezi minne kujifunza jinsi anavyopumua, kwa maana katika kwarteti hakuna wa kukuhesabia mwanzo, mnaanza kwa pumzi na kwa jicho. Kisha mpiga viola akaolewa na kuhamia Mwanza. Wapiga fidla hupatikana mjini hapa, na selo tupo kadhaa, lakini viola ni mtihani: watoto huanzishwa na fidla, na wachache tu ndio hukubali kuhama. Aliposema Mwalimu juu ya Schidlof kuiacha fidla yake nilicheka peke yangu ofisini.

Kuna na hali ya hewa, ambayo hamtaisoma kwenye wasifu wa kikundi cha Ulaya. Unyevu wa pwani hufumua gundi. Mwezi wa nne mwaka mmoja, selo yangu ilifunguka mshono ubavuni, na fundi wa samani wa Keko, mtu hodari kabisa wa vitanda, akaniomba kwa heshima niipeleke kwingine. Ilinibidi nisubiri mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi. Kuhusu usafiri, mwendokasi jioni haiwezekani. Bajaji inawezekana, selo ikikaa nyuma na wewe ukikaa pembeni ya dereva, jambo ambalo si halali na si raha.

Leo nafundisha watoto saba na kupiga pale ninapoitwa. Sijuti. Ila kama mpwa wako ana hakika kwamba anataka kwarteti na si selo tu, basi maswali ya kumwuliza ni haya: wengine watatu ni akina nani, na wana mpango wa kubaki wapi?

---

FidlaYaMjini

Nimeingia kwa sababu ya neno fidla. Mimi ni mtu wa taarabu, nimepiga fidla kwa miaka 30 bila nota, na nina mawili ya kusema.

La kwanza, tusimwambie binti kwamba kikundi kidogo cha watu wanaosikilizana ni kitu kilichotoka Vienna peke yake. Siti binti Saad alipopanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikwenda na wapigaji wachache, na humo ndani kila ala unaisikia ilipo. La pili ni tofauti. Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya Zanzibar, ilianzishwa mwaka 1905 na ingali hai, lakini imeishi kwa sababu klabu ni ya watu wengi, mmoja akiugua mwingine anakaa kitini pake, na wanachama hulea vijana humohumo. Kwarteti yenu haina benchi la akiba. Ningekuwa mimi ningemwambia binti aunde klabu kwanza, yenye watu 12 au zaidi, na hao wanne watoke humo.

---

MjombaWaKinondoni

Nawashukuru wote, na Mwalimu namwongezea shikamoo nyingine. Nilichapisha majibu yenu nikayapeleka kwa dada Jumapili baada ya chakula. Shemeji aliyasoma yote kwa miwani, taratibu, na alipofika kwenye habari ya kiti cha ndege cha selo aliweka karatasi chini akaangalia dari kwa muda.

Hata hivyo ameuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa moyoni mwake tangu mwanzo. Amesema watu wote wa kwarteti mliowataja ni Wazungu au Wajapani, na anataka kujua kama mtoto wake hatakuwa mgeni mwalikwa maisha yake yote katika muziki wa watu wengine.

---

MsomajiWaNota

Mjomba, mwambie shemeji kwamba wasiwasi wake una haki, lakini historia haiko kama anavyoidhani.

Tarehe 24 Mei 1803, katika bustani ya Augarten mjini Vienna, Beethoven alikaa kwenye piano na mpiga fidla George Bridgetower akasimama kando yake, wakapiga kwa mara ya kwanza sonata ambayo leo ni miongoni mwa kazi ngumu na maarufu kuliko zote za fidla na piano. Bridgetower alizaliwa Poland mwaka 1778, na baba yake alikuwa mtu mwenye asili ya Kiafrika kutoka visiwa vya Karibi. Wino wa sonata hiyo ulikuwa haujakauka, na sehemu nyingine aliisoma kutoka kwenye karatasi ya mtunzi mwenyewe. Baadaye wawili hao walikosana, Beethoven akaitunuku sonata kwa Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuwahi kuipiga hadharani, na kwa miaka zaidi ya 200 imeitwa kwa jina la mtu huyo asiyeipiga. Kabla yake, Joseph Bologne, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na mama mtumwa, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutunga kwarteti nchini Ufaransa. Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, aliandika kwinteti yake ya klarineti, yaani kazi ya wapigaji watano, mwaka 1895 akiwa bado mwanafunzi mjini London. Kwa hiyo mgeni mwalikwa si neno sahihi. Walikuwapo mezani, na majina yao ndiyo yaliyoondolewa kwenye kadi.

Karibu na sisi zaidi, kikundi cha Kronos, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1973, kilifanya kitu ambacho vikundi vingi vya wakati wake havikuthubutu: badala ya kupiga Haydn na Beethoven, kiliagiza kazi mpya kutoka kwa watunzi walio hai, na hadi sasa kimeshaagiza zaidi ya 1,000. Mwaka 1992 kilitoa albamu nzima ya kazi za Kiafrika, yenye watunzi kama Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hamza El Din wa Nubia na Justinian Tamusuza wa Uganda. Kazi ya Tamusuza ina jina la Kiganda, Ekitundu Ekisooka, yaani sehemu ya kwanza, na ukiisikiliza utazisikia ala nne za Kizungu zikigongana na kupishana kama ngoma na amadinda, zile marimba za Buganda. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha za mauzo za Marekani za muziki wa klasiki na za muziki wa dunia. Nadhani hilo linamgusa hata Ndugu HesabuKwanza.

Afrika Kusini kuna kikundi cha Soweto, cha ndugu watatu wa ukoo wa Khemese na mwenzao Makhosini Mnguni, waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1994 na kufanya kwarteti ipigwe redioni kwenye nyumba ambazo hazijui Opus ni kitu gani. Angalia jinsi walivyolitatua tatizo la ndugu yetu wa bajaji: watatu walikuwa wa tumbo moja, hakuna aliyehamia Mwanza.

Sisi Tanzania bado hatuna wa kumweka kwenye orodha hiyo. Watunzi wa kwaya tunao tele, wanaojua kuandika sauti nne kuliko watu wengi wa Ulaya, na sauti nne za kwaya na ala nne za kwarteti ni majirani wa ukuta mmoja. Sijui kwa nini hakuna anayewaomba waandike.

---

MwalimuMstaafu_Upanga

Niliahidi kurudi kwa Pressler. Alizaliwa Magdeburg, Ujerumani, mwaka 1923, akakimbia na wazazi wake mwaka 1939, na tarehe 13 Julai 1955 alipiga onyesho la kwanza la kikundi chake cha watu watatu, Beaux Arts Trio, huko Tanglewood, Marekani. Fidla zikabadilika, selo zikabadilika, yeye akabaki kwenye piano hadi kikundi kilipofungwa mwaka 2008, akiwa na miaka 84. Baada ya hapo ndipo alipoanza kualikwa kama mpigaji pekee na okestra ambazo zamani hazikumwita. Mara ya kwanza kupiga na okestra ya Berlin Philharmonic alikuwa na miaka 90. Alifariki mwaka 2023 akiwa na 99. Shemeji anayeuliza lini tutajua kwamba mtoto amefanikiwa ajiandae kusubiri.

Kwa Ndugu HesabuKwanza nakubali karibu kila kitu, isipokuwa sehemu moja. Ualimu si godoro la kuangukia. Watu hawa hufundisha kwa sababu kipande kikubwa cha ufundi wao hakiandikwi kwenye nota na hupita kutoka mkono hadi mkono. Mchukue mtunzi wa Kirusi Shostakovich: kwarteti zake ziko 15, na 13 kati yake zilipigwa kwa mara ya kwanza na kikundi kimoja cha Moscow kilichojiita kwa jina la Beethoven, ambacho kilikaa naye Shostakovich chumbani na kumwuliza maswali. Aliyefundishwa na watu hao alipata kitu ambacho aliyenunua karatasi dukani hakukipata.

---

MjombaWaKinondoni

Mrejesho. Jana usiku kikao kimekaa tena. Shemeji amekubali binti aombe Makumira, muziki na ualimu pamoja, kwa sharti kwamba katika mwaka huu wa kusubiri aonyeshe kwamba anaweza kukaa na watu wengine watatu kwa miezi sita bila kugombana wala kuachana. Binti amelipokea sharti hilo haraka kuliko tulivyotarajia. Alikuwa ameshasoma ushauri wenu kwenye simu yake kabla yangu, na ameniomba niwaambie kwamba kikundi cha Emerson kilikuwa na wapiga fidla wawili waliobadilishana kiti cha kwanza miaka yote, na kwamba yeye angependa wa kwake wafanye hivyohivyo ili wasinuniane.

Fidla mbili amezipata kanisani. Mazoezi yatakuwa sebuleni kwa dada, chini ya kile cheti. Viola bado.

---

MtuWaViolaTabata

Habari zenu. Huwa nasoma tu bila kuandika. Nina viola, ingawa sijaigusa kwa karibu miaka miwili, na uzi mmoja wa juu umekatika. Nilihamia kwenye viola nikitoka kwenye fidla nikiwa na miaka 15 kwa sababu kikundi cha shule kilikosa mtu, na sikurudi tena. Siku za wiki natoka kazini saa 12 jioni, kwa hiyo kutoka Tabata hadi Kinondoni siwezi kufika kabla ya saa mbili kasoro. Jumapili baada ya ibada ya pili nina nafasi hadi jioni. Mjomba, kama sharti la miezi sita halijaanza kuhesabiwa, naomba nitumiwe maelekezo ya nyumba, na kama binti anaweza kupata uzi wa A wa viola, aniwekee.